Mtangazaji wa Makomeno anayepeleka barua kwa kaseti

Saa tatu asubuhi, siku ya Jumamosi, baridi ya mwezi wa sita bado haijaondoka mtaa wa Bel-Air, Lubumbashi. Ndani ya sebule ndogo iliyopakwa chokaa, Mzee Adalbert Kyungu amekaa juu ya kiti cha mbao, koti lake la abakosti la kahawia limefungwa vifungo hadi shingoni, mikono yote miwili juu ya magoti.

Ana miaka sitini na tisa. Kwa miaka thelathini na miwili aliyeyusha shaba mbele ya tanuru ambalo vijana wenzake walilikimbia. Leo anaogopa kioo cha kamera.

Kamera imesimama juu ya miguu yake mitatu. Nyuma yake yuko Amadi, mpiga picha, jicho moja limefumbwa. Chini ya kamera, juu ya kasha la bia lililogeuzwa, ameketi mwanamke aliyevaa kitenge cha buluu na sweta ya sufu. Amekaa karibu mno hata utosi wake nusura uonekane kwenye picha.

Mzee Adalbert anafungua karatasi na kuanza kusoma kwa sauti ya mkutano. "Miye, citoyen Kyungu, nafurahi sana kwa kupata nafasi hii ya kusema mbele ya..."

"Baba," anasema yule mwanamke.

Sauti yake ni ya chini, imekwaruza, mfano wa gunia linaloburutwa juu ya saruji. Mtu asiyemjua hugeuka kutazama nani amezungumza.

"Baba, weka karatasi kwanza. Unisemeshe miye. Fanya sawa Floribert iko hapa, iko anakuangalia. Alipokuwa mutoto mulikuwa munamwita namna gani?"

Mzee anaikunja karatasi mara nne. Anamtazama mwanamke, halafu anatazama kioo kilicho juu ya kichwa chake.

"Tulikuwa tunamwita Kadogo," anasema. Kisha anamsemesha mwanawe. "Kadogo, kinga yako ingali hapa. Kila siku ya posho, sawa leo, naipiga pompi. Mama yako anasema ni kazi ya bure, juu hakuna muntu wa kuipanda. Lakini siku utakuya utaikuta iko na pumzi."

Baiskeli yenyewe imeegemezwa ukutani nyuma yake, tairi zimejaa. Mlangoni mwa jikoni mkewe anapangusa macho kwa ncha ya kitenge. Mwanamke wa kwenye kasha anainua kidole kimoja tu. Endelea.

Wiki ijayo kaseti hiyo itapanda ndege kwenda Kinshasa, ndani ya mfuko wa mtu anayejulikana na familia. Floribert Kyungu, ambaye hajaonana na wazazi wake kwa miaka sita, atatafuta rafiki mwenye mashine ya video, atakaa chini na kumsikiliza baba yake akizungumzia baiskeli.

Hiyo ndiyo kazi ya mwanamke huyu. Kwenye kitambulisho ameandikwa Mwaba Ngoie, kwa kuwa sheria haikubali majina ya Kizungu. Majirani wa mtaa wa Makomeno wanamwita Mama Albertine, naye huitika.

Ana miaka arobaini na minne. Ameanzisha na anaongoza Macho Yetu, kampuni ndogo inayotengeneza vipindi vya televisheni nje ya kituo cha serikali. Wafanyakazi ni watatu, yeye akiwemo. Ofisi ni gereji ya nyumba yake. Wanapiga picha za harusi, ubatizo, matanga na sherehe za wanafunzi wa Kasapa wanaomaliza chuo. Lakini kilichowafanya wajulikane ni barua hizi.

Kabla ya hapo, Mama Albertine alikuwa sauti.

Baba yake alifanya kazi ya reli Kamina. Binti alifika Lubumbashi akiwa msichana, akasomea kwa masista, na mwaka 1970 akapita mtihani wa kusoma habari kwa Kiswahili. Alisoma kwa miaka kumi na minne, kwanza redioni, kisha televisheni. Wanawake waliipua sufuria ya bukari, ugali wa huku, waliposikia salamu yake ya jioni, kwa sababu walijua waume zao wametoka zamu.

"Nilioa bibi moja," anasema mumewe, Donat, mwalimu wa hesabu, mtu wa maneno machache. "Kisha nikawa namusikia kwangu na kwa jirani. Nilikuwa navimba kichwa, siwezi kudanganya."

Mwaka 1984 uvimbe ulimtokea shingoni. Ulikua pole pole hadi ukaanza kubana njia ya hewa. Daktari alimweleza wazi kwamba bila kupasuliwa hatamaliza mwaka, na kwamba mshipa wa sauti unapita karibu sana na mahali pa kisu. Akampasua. Uvimbe ukatoka, pumzi ikarudi. Sauti haikurudi.

"Daktari alinipa uzima," anasema Mama Albertine. "Alinionya mbele, akanisemea kweli kisha. Sina muntu wa kulaumu. Na hiyo njo ilikuwa ngumu, kukosa muntu wa kulaumu."

Alingoja miezi sita. Kila asubuhi alifunga mlango wa bafuni akajaribu kusema jina lake. Kilichotoka ni mkwaruzo.

Kituoni walimhurumia. Walimpa chumba cha kuhifadhi kanda, akapanga na kuandika lebo. Wenzake walizungumza naye kwa kupaza sauti kama vile masikio nayo yaliharibika. Yeye akaacha kuzungumza kabisa. Sokoni alionyesha vitu kwa kidole. Nyumbani alimwandikia Donat vikaratasi.

Mjini watu waliulizana sauti ile imekwenda wapi. Wengine walisema amekufa. Wengine walisema amehamia Ubelgiji. Wengine walipunguza sauti zao wenyewe na hawakumaliza sentensi.

Ni katika chumba kile cha kanda ndipo wazo lilipomjia. Mashine ya kutazamia ilikuwa na kasoro upande wa sauti, hivyo alitazama picha zikienda kimya. Akaanza kuona mambo ambayo hakuwahi kuyaona wakati yeye ndiye alikuwa akizisomea maneno. Mama mmoja katika umati alikuwa akitafuta mtu. Mfanyakazi mmoja, mkuu alipopita, alificha viatu vyake nyuma ya ndoo.

"Miaka kumi na ine nilikuwa nasema juu ya hawa bantu," anasema, "na sikukuwa nawaona."

Mwaka 1985 aliacha kazi. Waliuza kiwanja chao cha njia ya Kasapa, ambako Donat alikuwa amekwisha kulaza matofali elfu mbili, wakanunua kamera moja na mashine mbili za video. Volkswagen ya Donat ilitolewa gerejini na tangu siku hiyo inalala mvuani. Idara ya habari ilimpa karatasi yenye mihuri mitatu, ikisema anaruhusiwa kupiga picha sherehe za familia.

Amadi ndiye aliyekuja wa kwanza. Ni mtoto wa ukoo wa Kiislamu wa Maniema, alikuwa akipiga picha za vitambulisho, na mkono wake hautetemeki. Halafu akaja Feza.

Feza hakuja kutafuta kazi ya televisheni. Alikuwa fundi cherehani, aliitwa kushona mapazia mazito ya kuzuia mwanga gerejini. Siku ya pili alisimama, sindano mdomoni, akitazama harusi iliyokuwa ikipita kwenye skrini.

"Niliuliza juu ya nini bwana-arusi anaingia kanisani mara ine," anakumbuka Feza, ambaye sasa ana miaka ishirini na tisa. "Mama Albertine akaandika kwa kartasi: 'Weka mara moja, kama unaweza.' Nikakaa. Mapazia nilimaliza kisha miezi mbili."

Hivyo ndivyo Macho Yetu ilivyopata mtu wa kukata na kuunganisha picha. Sheria ya kampuni ilikuwa moja. Mama Albertine hasikiki. Maswali aliyaandika kwa chaki kwenye kibao cha mtoto wa shule, Amadi akayasoma kwa sauti, na Feza baadaye akayaondoa.

Sheria hiyo ilidumu hadi mwezi wa saba mwaka jana, siku Mama Amida alipoingia gerejini.

Mama Amida ana miaka sitini na minane. Kwa miaka thelathini amepika chakula karibu na lango la wafanyakazi wa shaba, sombe ya majani ya muhogo na samaki na bukari, na hakuna msimamizi wa zamu asiyekuwa na deni la shukrani kwake. Alizaliwa Kasongo, Maniema. Huko alimwacha mdogo wake, Mawazo, mwaka 1946. Tangu vita vya mwaka sitini na nne kila barua aliyotuma ilipotelea njiani. Mwaka jana mfanyabiashara mmoja alimletea habari kwamba Mawazo yu hai, na kwamba kule kuna tajiri mwenye jenereta na video.

Alikuja amevaa vizuri, mtandio mweupe kichwani. Akakaa kitini. Amadi akawasha kamera, na Mama Amida akawa bubu.

"Nisemeshe kioo?" aliuliza mwishowe. "Kioo haiitikie."

Mama Albertine akainua kibao chenye swali. Mama Amida akakitazama kwa adabu.

"Miye sisome, mwanangu."

Amadi akamsomea swali kwa sauti kubwa. Mama Amida akaweka mkono sikioni. Amadi akarudia, akipaza zaidi. Mama akatikisa kichwa. Kanda ilikuwa inazunguka, na kanda tupu hazipatikani kirahisi mjini.

Amadi anasimulia kwamba alimwona mkuu wake akiweka kibao chini. Akavuta kasha la bia lililokuwa kando, akaliweka chini ya kamera, akaketi. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi pale, Amadi akamsikia akizungumza na mgeni.

"Mama Amida, uniangalie miye. Mawazo njo miye."

Mama Amida aliinama mbele. "Uko na mafua?"

"Hapana, mama. Ni vile iko."

"Sawa. Basi ukae hapo karibu."

Alizungumza dakika arobaini. Alieleza kuhusu waume wawili aliowazika, watoto watano, mchele anaouota usiku kwa sababu huku watu wanakula mahindi. Mama Albertine aliuliza, yeye akajibu, wakacheka. Halafu ikafika mahali pa siku aliyoondoka Kasongo.

"Mawazo," alisema, "siku ile mama yetu alikuwa mugonjwa. Nilikuambia nitarudia kisha mwezi moja. Nilijua ni uongo. Bwana yangu alikuwa ameshapata kazi huku, na miye nilikuwa nataka kuona muji. Ulimuuguza wewe, ulimuzika wewe, na ulikuwa mutoto. Miaka yote hii natafuta njia ya kukuomba musamaha na njia zilikuwa zimekatika. Sasa nakuomba."

Mama Albertine akangoja, kisha akauliza pole pole, "Unazani atasema nini?"

Mama Amida akafikiri. "Atasema kwanza nimenenepa."

Wakacheka tena wote wawili, mmoja kwa sauti, mwingine kwa mkwaruzo.

Siku mbili baadaye Feza alikuwa kwenye mashine zake, akijaribu kuondoa maswali kama kawaida. Mama Albertine aliingia akiwa na kikombe cha chai. Akasimama mlangoni. Kwenye skrini Mama Amida alikuwa akisikiliza, na sauti isiyo na mwenyewe ilikuwa ikimuuliza jambo.

Kwa miaka mitatu Mama Albertine alikuwa hajajisikia kwenye kanda. Alijua sauti yake imeharibika, lakini kujua kwa ndani na kusikia kwa nje ni mambo mawili.

"Ilikuwa sawa na muntu mungine iko anaongea na kinywa yangu," anasema. "Nilitoka. Nilikwenda kusimama karibu na tangi la maji mpaka chai ikapoa."

Aliporudi alimwambia Feza maneno mawili. "Ondoa yote."

"Mama, nimejaribu," Feza akamjibu. "Nikiondoa yako, huyu mama atabakia anajicheka peke yake."

"Ondoa."

Feza akaondoa. Anasema alikata akiwa na hasira, na mkato wenyewe ulikuwa mbaya. Lakini kaseti ya kwanza hakuifuta. Aliiweka ndani ya kikapu chake cha nyuzi.

Alhamisi Mama Amida alikuja kutazama barua yake kabla ya kusafirishwa. Aliitazama hadi mwisho. Alipogeuka, uso wake ulikuwa na wasiwasi.

"Na wewe uko wapi?"

Mama Albertine akachukua kibao, akakumbuka, akakirudisha. "Nimejitoa, mama. Sauti yangu ni mubaya."

"Mubaya namna gani? Bengine bote bananipigia makelele, sisikie hata neno moja. Wewe nilikusikia yote." Akaonyesha skrini. "Mawazo ataona kichaa iko anacheka na ukuta. Atasema, masikini dada yangu, kumbe Lubumbashi ilimuharibu akili. Miye sipeleke hii."

Feza akainama, akatoa kaseti kwenye kikapu na kuiweka juu ya meza, bila kumtazama mtu.

Kaseti hiyo ndiyo iliyokwenda Kasongo.

Mambo yangeishia hapo kama Amadi asingezungumza na Rigobert. Rigobert alikuwa fundi wa sauti zamani, mtu aliyemfungulia Mama Albertine kipaza sauti kila jioni kwa miaka tisa. Sasa ndiye anayepanga vipindi kituoni, na Jumapili alasiri alikuwa na nusu saa tupu isiyo na cha kuijaza. Amadi akampelekea nakala. Rigobert aliitazama mara mbili, akaipeleka kwenye kamati.

Katika kamati mjumbe mmoja aliuliza swali ambalo lazima liulizwe. Chama kiko wapi humu ndani?

"Nilisema huyu mama amelisha wafanyakazi wa taifa miaka makumi tatu," anaeleza Rigobert. "Nikasema, kama kuna muntu hapa hajakula kwake, ainue mukono. Hakuna aliyeinua."

Kipindi kikakubaliwa. Lakini Rigobert alikuja mwenyewe hadi Makomeno akiwa na jambo jingine, akalisema huku akizungusha kofia mkononi.

"Dada Albertine, bantu wanakukumbuka na ile sauti ingine. Tuko na binti moja mupya, anaongea muzuri. Arudilie maswali yako tu, sentensi kumi na tano. Ni kwa heshima yako."

Alimaanisha mema, na hilo ndilo lililofanya jambo kuwa gumu. Mama Albertine aliomba siku tatu.

Donat anasema siku hizo tatu hazikuwa na vikaratasi wala maneno. Mkewe alifua nguo zilizokuwa safi. Aliweka kaseti ndani ya mashine, akasikiliza, akazima. Akasikiliza tena. Siku ya pili jioni Donat alimsikia gerejini, mlango umefungwa, akisoma gazeti kwa sauti, ukurasa mzima, kama zamani.

Siku ya tatu alikwenda kituoni. Wafanyakazi wa mapokezi walimpa kalamu na karatasi kama walivyozoea. Akazirudisha, akapanda ngazi hadi kwa Rigobert.

"Mama Amida hakuongea na binti mupya," alimwambia. "Aliongea na miye. Iende vile iko, ao isiende."

Rigobert akatia sahihi.

"Kusema kweli niliogopa," anakiri Mama Albertine leo. "Lakini Mama Amida alikuwa ameshatangazia soko nzima kama ataonekana. Ningemwambia nini?"

Jumapili hiyo, saa kumi na moja alasiri, hakuweza kukaa ndani. Donat na watoto wa jirani walijaa mbele ya televisheni, yeye akachukua jembe akaenda nyuma ya nyumba kwenye bustani yake ya mboga. Alikuwa amesahau kitu kimoja. Kituo ni kimoja tu, na madirisha ya Makomeno yalikuwa wazi.

Sauti yake ilitoka nyumba ya kushoto. Ikatoka nyumba ya kulia. Ikatoka kwenye duka la pembeni, na ng'ambo ya barabara. *Mama Amida, uniangalie miye.* Hapakuwa na pa kujificha. Akasimama katikati ya matuta, jembe mkononi, akajisikiliza nusu saa nzima.

"Kwanza nilisikia haya," anasema. "Kisha nikasikiliza Mama Amida. Nikasahau sauti ni ya nani."

Kipindi kilipokwisha, jirani wa kushoto alitoa kichwa juu ya ukuta. Wameishi ubavu kwa ubavu tangu 1979. Akasema, "Basi kesho utanisalimia?" Akamsalimia hapo hapo.

Jumatatu sokoni aliuliza bei ya nyanya. Muuzaji, mwanamke ambaye kwa miaka mitatu alionyeshwa vitu kwa kidole tu, aliacha kupanga mafungu.

"Njo wewe wa habari?"

"Njo miye."

"Tulikulilia matanga," alisema muuzaji, akaongeza nyanya mbili juu ya fungu.

Kuanzia wiki hiyo watu walianza kupiga hodi gerejini. Mjane aliyetaka kumwonyesha mwanawe wa Kolwezi kaburi la babake. Familia iliyotaka bibi aimbe kabla hajafa. Mwanamume aliyetaka kumwambia kaka yake wa Kalemie kwamba amesamehe, na aliyerudi mara tatu kabla ya kuweza kulitamka. Nusu yao waliomba jambo moja: mama mwenye sauti ile aketi pale chini.

Hadi sasa wamerekodi barua sitini na moja. Chache kati ya hizo, wenyewe wakikubali, huonyeshwa kituoni Jumapili moja kwa mwezi. Kituo hakilipi, huwapa kanda tupu. Bei ya barua moja ni sawa na mfuko mmoja wa unga wa mahindi, na asiyeweza huleta makaa ya kupikia au kuku. Mwezi wa pili mwaka huu umeme ulirudi kwa nguvu na kuunguza mashine moja. Kampuni ilifungwa wiki saba, Feza akarudi kwenye cherehani, Amadi kwenye picha za vitambulisho, hadi kifaa kilipopatikana kupitia Zambia. Wote wawili walirudi bila kuitwa.

Kutoka Kasongo jibu lilichukua miezi minne. Mfanyabiashara yule yule alishusha mbele ya jiko la Mama Amida gunia dogo la mchele, ndani yake karatasi iliyoandikwa na mjukuu wa Mawazo. Mama Amida alikimbia nayo hadi Makomeno, aproni kiunoni, ili Mama Albertine amsomee.

Karatasi ilisema kaseti ilitazamwa nyumbani kwa tajiri, watu arobaini ndani na wengine dirishani. Bibi Mawazo aliomba irudiwe mara tatu. Alilia, akasema dada yake amenenepa. Kuhusu mama yao, alisema alisamehe zamani, wakati bado ana hasira. Mwisho aliuliza kama yule mama mwenye mafua amepona.

Mama Albertine alisoma hadi hapo. Mama Amida akamwambia arudie. Akarudia. Siku hiyo walikula wali gerejini, wote wanne.

Sasa, kwenye ukuta wa gereji, juu ya mashine za Feza, kuna picha ya msichana mwenye miwani. Ni Annie, mtoto pekee wa Mama Albertine na Donat. Aliondoka mwaka 1983 kwenda kusomea uuguzi Liège, Ubelgiji, mwaka mmoja kabla ya upasuaji. Hajapata nauli ya kurudi. Anapopiga simu, mara mbili kwa mwaka, Donat ndiye anayeshika mkono wa simu. Mama humwandikia Donat anachotaka kusema. Annie anajua kwamba mama yake alipasuliwa. Kilichobaki kooni hajakisikia.

"Kila muntu wa hii muji amenisikia," anasema Mama Albertine. "Yeye hapana. Bantu sitini na moja nimewaambia, usiogope, uniangalie miye. Na miye mwenyewe nikawa naogopa mutoto nilizaa."

Wakati anasema hayo Feza hageuki, lakini mikono yake imesimama juu ya mashine.

Mpango umekwisha kupangwa. Ni Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya misa. Amadi ataweka kamera. Feza, ambaye hajawahi kuuliza mtu swali mbele ya kamera, ndiye atakayeketi juu ya kasha. Donat atakuwa nje, kwa sababu amesema hatajiweza. Rafiki wa familia anasafiri kwenda Ubelgiji wiki hiyo na ameahidi kuibeba kaseti.

Amadi amemwonya kuhusu jambo moja. Mashine za Ubelgiji hazisomi rangi za kaseti za huku. Annie ataona mama yake kwa nyeusi na nyeupe, na kitenge chochote atakachovaa kitakuwa kijivu.

"Si kitu," anasema. "Sauti itafika vile iko."

Anaulizwa ataanza na neno gani. Mtu aliyefungua maelfu ya matangazo kwa salamu ile ile anainua macho kwanza kutazama picha ukutani.

"Nitasema, 'Annie, njo miye mama yako,'" anajibu. "Kisha nitangoja kidogo, azoee."